'Mwenzio kakuzidi uzuri': Sayansi ya sura na rangi ya watoto wa nyumba moja

Wageni wamekuja kumwona mzazi. Hata chai haijaletwa, mmoja ameshafunua kanga ya mtoto na kuangalia ncha za masikio. "Huyu atakuwa mweupe, tazama masikio." Wa pili anashika pua: "Pua ya kwa baba hii, uwe unamkanda kila ukimwogesha." Wa tatu anamgeukia dada yake mtoto, wa miaka minne, aliyesimama mlangoni akinyonya kidole: "Mwenzio kakuzidi uzuri."

Wote wanacheka. Mama anacheka pia, maana ni utani na wageni ni wakubwa. Yule wa miaka minne hacheki.

Karibu kila nyumba imepitia siku kama hiyo. Tunazungumzia sura za watoto kana kwamba ni mashindano, na kana kwamba mzazi alikuwa na uwezo wa kuchagua. Ukweli ni kwamba wanasayansi sasa wanajua mengi kuhusu namna rangi na sura zinavyorithiwa, na baadhi ya mambo hayo yamegunduliwa hapa hapa Tanzania. Mzazi akiyajua, ataokoa mengi: maneno yasiyo na sababu, shaka ndani ya ndoa, na hata ngozi ya binti yake.

Kwa nini ndugu wa baba na mama mmoja hawafanani

Kila mzazi humpa mtoto nusu ya vinasaba vyake. Lakini nusu hiyo si ile ile kila mara. Fikiria karata. Baba ana kasha lake, mama ana lake. Kila mimba inapotungwa, makasha yote mawili yanachanganywa upya, kisha nusu ya kila kasha inagawiwa. Mtoto wa kwanza anapata karata hizi, wa pili anapata nyingine. Kwa wastani ndugu wa tumbo moja wanashiriki nusu tu ya vinasaba vyao.

Rangi ya ngozi haiamuliwi na karata moja. Ni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo. Ndiyo maana baba mweusi na mama wa maji ya kunde wanaweza kupata mtoto mweusi kuliko baba, mwingine mweupe kuliko mama, na wa tatu wa katikati. Na karata ambazo baba alipewa na bibi yake zinaweza kukaa kimya kwake, zikaonekana kwa mtoto wake. Hapo ndipo wazee husema, "Huyu kamrudia bibi."

Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilichapisha katika jarida la Science utafiti uliopima rangi ya ngozi za watu zaidi ya 2,000 kutoka Ethiopia, Tanzania na Botswana. Miongoni mwa watafiti alikuwamo Mtanzania kutoka Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Walikuta kwamba Afrika ina rangi nyingi za ngozi kuliko tunavyodhani, kuanzia Wasan wa kusini wenye ngozi ya maji ya kunde hadi wafugaji wa jamii za Kinilo wenye weusi mkolezo. Walitaja jeni kadhaa zinazohusika, zikiwamo SLC24A5, MFSD12 na OCA2.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa umri wa tofauti hizo. Nyingi ya tofauti za jeni zinazoleta weupe na zinazoleta weusi zina miaka zaidi ya 300,000. Yaani zote mbili zilikuwamo Afrika tangu zama za binadamu wa mwanzo kabisa. Mtoto mweupe kidogo kijijini kwenu hahitaji kuwa na babu Mzungu au Mwarabu. Weupe na weusi vyote ni urithi wetu wa zamani.

Na masikio je? Uchunguzi wa wazee una chembe ya ukweli. Mtoto huzaliwa kabla ngozi haijatengeneza melanini yake yote, ile rangi ya asili, hivyo weusi huongezeka katika wiki na miezi ya mwanzo. Usimsifu wala kumsikitikia mtoto wa siku tatu kwa rangi ambayo bado haijakamilika.

Weusi ni kinga

Kwa nini basi watu wa ukanda wetu wengi ni weusi? Wanasayansi Nina Jablonski na George Chaplin walieleza mwaka 2000 kwamba rangi ya ngozi ya watu wa dunia inafuata nguvu ya miale ya jua. Miale hiyo huharibu foleti mwilini. Foleti ndiyo ile foliki asidi iliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu ambavyo mjamzito hupewa kliniki. Ikipungua, uti wa mgongo na ubongo wa mtoto tumboni vinaweza kushindwa kujiunda vizuri. Kwenye jua kali kama letu, melanini nyingi ni mwavuli: inalinda foleti na ngozi yenyewe.

Waliohamia nchi zenye jua hafifu walikabiliwa na shida nyingine. Mwili hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua, na ngozi nyeusi sana huko inazuia jua kidogo lililopo. Kwa vizazi vingi, ngozi nyeupe ikawa na faida huko. Rangi, kwa hiyo, ni jibu la mwili kwa jua la mahali mababu walipoishi. Haipimi uzuri, akili wala usafi.

Gharama ya kukosa kinga hiyo tunaiona kwa ndugu zetu wenye ualbino. Hapa Afrika aina kubwa ya ualbino inatokana na kasoro kwenye jeni ya OCA2. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa weusi kabisa huku kila mmoja akibeba nakala moja yenye kasoro bila kujua. Wakikutana hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Hakuna aliyekosea na hakuna aliyelaaniwa, na nakala moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Anachohitaji mtoto huyo ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, losheni ya kukinga jua kama ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, na kupimwa ngozi na macho mara kwa mara, kwa sababu saratani ya ngozi ni hatari ya kweli kwake.

Pua, mashavu na watoto wa Mwanza

Sura ni fumbo kubwa kuliko rangi. Shuleni wengi tulifundishwa kwamba vishimo vya mashavuni ni jeni moja: unayo au huna. Mambo si mepesi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kwa watu wa Marekani na Uingereza ulitaja maeneo zaidi ya 200 kwenye vinasaba yanayohusiana na umbo la uso, na bado kazi haijaisha.

Tanzania imechangia sehemu yake. Watafiti, wakiwamo wa Bugando, walipiga picha za pande tatu za nyuso za watoto zaidi ya 3,000 mkoani Mwanza na kuchunguza vinasaba vyao. Matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalihusisha jeni mbili, SCHIP1 na PDE8A, na ukubwa wa uso. Kabla ya hapo tafiti nyingi za aina hiyo zilikuwa za watu wenye asili ya Ulaya. Kazi hiyo ina maana kubwa hospitalini, kwa kuwa kuelewa uso unavyojijenga kunasaidia kuelewa pia kasoro za kuzaliwa nazo, kama mdomo sungura.

Hebu basi turudi kwenye pua ya yule mtoto. Pua inajengwa na mfupa na gegedu zinazoendelea kukua hadi ujanani, zikifuata maelekezo ya jeni nyingi. Vidole vya bibi wakati wa kuoga havibadilishi maelekezo hayo. Vinachoweza kufanya ni kumuumiza mtoto anayejaribu kupumua. Kichwa kilichorefuka wakati wa kujifungua nacho hurudi chenyewe bila kubonyezwa. Mkande mtoto mgongo na miguu kwa upole kama mnapenda, ila pua iacheni.

'Hafanani na baba yake'

Hapa ndipo maneno ya wageni huwa na sumu. Mtoto akizaliwa mweupe kwa wazazi weusi, au na pua isiyo ya ukoo, minong'ono inaanza. Mawifi wanaangaliana. Baba anaanza kuhesabu miezi.

Kwa hayo tuliyoona kuhusu karata, kutofanana hakuthibitishi chochote. Rangi na sura vinatokana na jeni nyingi mno, na zinachanganywa upya kila mimba. Na kufanana nako hakuthibitishi: kila mtu amewahi kuona watu wawili wasio na undugu wakafanana kama mapacha. Jicho letu pia linaona linachotaka. Tukiambiwa huyu ni mwana wa fulani, tunaanza kutafuta paji la uso la fulani, na tunalipata.

Kama kuna shaka nzito, kipimo ni kimoja tu: vinasaba. Hapa nchini kinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Lakini kabla ya kufika huko, baba ajiulize shaka imeanzia wapi. Ikiwa imeanzia kwenye ncha za masikio, basi ni heri iishie hapo hapo.

Nani alisema huyu ndiye mzuri?

Tukubaliane jambo moja: binadamu tunavutiwa na sura, na baadhi ya mvuto huo ni wa kale. Mwaka 1990 watafiti wa Texas walichanganya nyuso za watu wengi kwa kompyuta kuwa uso mmoja. Watazamaji wakaupenda uso huo wa mchanganyiko kuliko nyuso nyingi halisi. Uso wa wastani, usio na kitu kilichozidi wala kupungua, unapendwa. Maelezo yanayotolewa ni kwamba huenda unaashiria mtu aliyekua bila magonjwa mazito. Mengine ni kwamba ubongo hupenda kitu kinachofanana na vingi ulivyokwisha kuviona.

Maelezo haya ya pili yalipata nguvu kando ya Ziwa Eyasi. Katika utafiti wa mwaka 2007 Wahadzabe walioneshwa nyuso za mchanganyiko za Wahadzabe na za Waingereza. Kwa nyuso za watu wao, walipenda zile zilizochanganywa kutoka kwa watu wengi. Kwa nyuso za Kiingereza, hawakuona tofauti. Waingereza, waliozoea kuona watu wa kila aina, walipenda zilizochanganywa kwa makundi yote mawili. Wastani unaoupenda, kumbe, ni wastani wa watu uliowazoea.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Baadhi ya tafiti zilishikilia kwamba kiuno chembamba kinapendwa dunia nzima. Wanaume wa Kihadzabe walipoulizwa mwishoni mwa miaka ya 1990, walichagua wanawake wenye mwili zaidi, na kiuno hakikuwa hoja. Kwa watu wanaotafuta chakula porini kila siku, mwili uliojaa ni habari njema. Wazulu wa Afrika Kusini nao walipenda miili mikubwa kuliko Waingereza walivyopenda, lakini Wazulu waliohamia Uingereza walionekana kubadilika na kusogea kuelekea ladha ya huko. Jeni zao hazikubadilika ndani ya ndege. Kilichobadilika ni walichokiona kila siku.

Hata Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu, baada ya kukusanya habari za jamii nyingi, alifikia uamuzi kwamba hakuna kipimo kimoja cha uzuri wa mwili kwa watu wote. Sisi wenyewe tunajua. Mwanya ambao daktari wa meno wa nchi nyingine angetaka kuuziba, kwetu huimbiwa nyimbo.

Na jeni ya uzuri haipo. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha vinasaba vya watu zaidi ya 4,000 wa jimbo la Wisconsin, Marekani, na alama walizopewa picha zao za kuhitimu sekondari mwaka 1957. Walipata maeneo machache tu yenye uhusiano, na yale ya wanawake hayakuwa yale ya wanaume.

Jicho la mtoto linafundishwa mapema

Mtoto mchanga wa siku chache hana upendeleo kwa nyuso za rangi fulani. Kufikia miezi mitatu anao tayari. Mwaka 2006 watafiti waliwalinganisha watoto wa umri huo: Waethiopia waliokuwa Ethiopia, Waisraeli weupe, na watoto wenye asili ya Ethiopia waliokuwa wakilelewa Israel. Makundi mawili ya kwanza yalitazama zaidi nyuso za rangi yao. Kundi la tatu, lililozoea kuona weusi na weupe kila siku, halikupendelea upande wowote.

Baadaye maneno yanaongezwa juu ya macho. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto weusi wa Marekani wanasesere wanaofanana isipokuwa kwa rangi. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Walikuwa na umri wa miaka mitatu hadi saba.

Shuleni hali inaendelea. Mwaka 1973 walimu wa Marekani walipewa ripoti ile ile ya mwanafunzi, tofauti ikiwa picha iliyobandikwa. Mwenye sura ya kuvutia alidhaniwa kuwa na akili zaidi. Ikiwa mwalimu aliyesomea kazi yake anateleza hivyo, sisi wazazi tunateleza mara ngapi? Nani anaitwa kusalimia wageni, na nani anatumwa jikoni? Nani ananunuliwa gauni la kupendeza kwa sababu "litamtoa"? Watoto wanahesabu.

Mwisho wa hesabu hiyo unaweza kuwa kikopo cha mkorogo chini ya godoro la binti wa miaka kumi na tano. Krimu za kujichubua zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali zimepigwa marufuku nchini, lakini mitaani bado zinapatikana. Shirika la Afya Duniani limeonya kuwa zebaki kwenye sabuni na krimu inaharibu figo, na kwa mjamzito inaweza kumfikia mtoto tumboni. Steroidi zikitumika muda mrefu zinakonda ngozi, inachubuka kirahisi na vidonda vinachelewa kupona. Huko ni kuuvua ule mwavuli juani. Na vinasaba havichubuki: mtoto atakayezaliwa atakuja na rangi ile ile aliyoandikiwa.

Mzazi afanye nini?

Acha kuwalinganisha mbele yao. Hata sifa inaumiza ikiwa imeegemea kwa mwenzake. "Una macho mazuri" inatosha, haihitaji "kuliko dada yako".

Wajibu wageni kwa adabu, mtoto akisikia. "Shangazi, wote wamependeza, kila mmoja na yake." Au, "Bibi, huyu kachukua rangi yako, ndiyo maana tunampenda." Hujamkosea mkubwa, na mtoto amejua uko upande wake.

Mweleze mtoto asili yake. Mtoe albamu, au picha za kwenye simu. "Paji hili la babu, weusi huu wa mama yake baba." Mtoto anayejua pua yake imetoka kwa nani haioni kuwa kosa.

Chunga maneno yako kuhusu mwili wako mwenyewe. Mama anayejiita mbaya kwenye kioo, binti mwenye sura ile ile amesimama nyuma yake.

Ukikuta mkorogo, usianze na kipigo. Uliza nani alimwambia nini. Kisha mpeleke kwa daktari wa ngozi, maana kuacha steroidi ghafla kunaweza kuleta vipele na muwasho, naye akidhani dawa ndiyo ilikuwa inamsaidia atairudia.

Sifia pia yasiyoonekana kwenye picha: alivyomsubiri mwenzake, alivyosema kweli, alivyomfariji mtoto mdogo. Hayo yana thamani hata kwenye soko la mapenzi. Mwaka 1989 mtafiti David Buss alichapisha majibu ya watu zaidi ya 10,000 kutoka nchi 33, zikiwamo Zambia na Nigeria, kuhusu wanachotaka kwa mwenza. Sura ilikuwamo, na wanaume waliitaja zaidi. Lakini kwa wanaume na wanawake, juu ya orodha walikuwapo mwenza mwema, mwelewa na mwenye akili.

Na yule mtoto wa miaka minne aliyesimama mlangoni? Wageni wakishaondoka, mwite. Mpakate pamoja na mdogo wake. Muoneshe kwamba kucha za mtoto ni kama zake, na kwamba kidole gumba kile kile kilinyonywa na yeye pia. Atakuuliza kama ni kweli mwenzie kamzidi. Jibu lako atalikumbuka kuliko la wageni.